Mwalimu wa Wachungaji: Mkataba wa Muda, Kazi ya Kudumu

Kilima cha Kimihurura, mjini Kigali, hakihitaji kuelezwa kwa askari wa Rwanda wala kwa jamaa zao. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Wizara ya Ulinzi. Hapo ndipo lilipo jumba la Bunge, ambamo askari 600 wa RPF waliwekwa tarehe 28 Desemba, 1993, kufuatana na Mapatano ya Amani ya Arusha, na ambamo walizingirwa vita vilipowaka tena mwezi Aprili, 1994. Hapo pia ndipo lilipojengwa Jumba la Mikutano la Kigali, lililofunguliwa mwaka 2016. Lakini makala haya hayahusu silaha wala mikutano. Yanahusu jambo jingine lililotoka kilimani hapo, ambalo limeingia katika nyumba nyingi bila kishindo: elimu ya wahubiri, na mwalimu anayeajiriwa kwa muda ili awafundishe.

Mwaka 2018 Bunge lilijadili sheria mbili ambazo mtu wa kawaida asingeziweka pamoja. Ya kwanza, Na. 66 ya tarehe 30 Agosti, 2018, ni sheria ya kazi. Ya pili, Na. 72 ya tarehe 31 Agosti, 2018, ni sheria ya mashirika ya kidini. Moja inaeleza jinsi mtu awezavyo kuajiriwa kwa kipindi maalumu. Nyingine inaeleza kiongozi wa dini awe amesoma nini. Zilitiwa tarehe kwa tofauti ya siku moja tu, na mahali zinapokutana amesimama mtu mmoja: mhadhiri wa muda wa theolojia.

SHERIA ILIYOWARUDISHA WAZEE DARASANI

Mapema mwaka 2018 wakuu wa serikali walifunga makanisa zaidi ya 700 katika Kigali. Sababu zilizotajwa zilikuwa majengo mabovu, makelele, na ukosefu wa vibali. Tarehe 10 Machi mwaka huo huo radi ilipiga kanisa katika Wilaya ya Nyaruguru, kusini mwa nchi, ikaua waumini 16. Msiba huo uliwafanya watu wengi waulize maswali juu ya usalama wa mahali wanapokutanikia kusali.

Ndipo ikaja sheria ya mwezi Agosti. Pamoja na mambo mengine, iliwataka viongozi wa madhehebu wawe na shahada ya masomo ya dini kutoka chuo kinachotambuliwa, au shahada nyingine yoyote ikiambatana na cheti halali cha masomo ya dini. Sheria haikuwalenga Wakristo peke yao, bali mashirika yote ya kidini. Waliokuwa hawajatimiza sharti hilo walipewa miaka mitano, nayo ilikwisha mwezi Septemba, 2023. Katika ukaguzi wa mwezi Julai, 2024, nyumba za ibada zaidi ya 4,000 zilifungwa kote nchini. Ni vyema kusema wazi kwamba si kila nyumba iliyofungwa ilifungwa kwa sababu ya kisomo cha mchungaji wake. Nyingi zilikosa masharti ya afya na usalama.

Sheria hiyo haikupokewa kwa sauti moja. Wako waliosema kuwa mitume wa kwanza walikuwa wavuvi, wala hakuna aliyewadai shahada. Wako waliojibu kuwa wavuvi wale walikaa na Mwalimu wao mchana na usiku, njiani na mezani, kwa kipindi ambacho hakuna chuo cha leo kinachoweza kukitoa. Wengine walilalamikia gharama, maana mchungaji wa kanisa dogo la mlimani aghalabu hana mshahara, hula jasho la jembe lake. Hoja zote mbili zina uzito, na msomaji atachagua mwenyewe. Lakini baada ya sheria kupita, mtu aliyehubiri miaka 20 na kuozesha nusu ya kijiji alilazimika kununua madaftari, na wanawe wakashangaa kumwona baba akifanya mazoezi ya nyumbani kando yao.

KWA NINI MWALIMU AWE WA MUDA?

Darasa huweza kujaa kwa mwaka mmoja. Mwalimu wa theolojia hapatikani kwa mwaka mmoja. Mtu huanza na shahada ya kwanza, akaja ya pili, kisha ya udaktari. Katikati ya safari hiyo anajifunza Kiebrania na Kigiriki, lugha ambazo Biblia iliandikwa kwazo, na kwa kawaida anatumikia usharika kwanza ili asije akafundisha uchungaji ambao hajaufanya. Chuo kinachotaka mwalimu wa namna hiyo leo, ilikipasa kianze kumwandaa zaidi ya miaka kumi iliyopita.

Kwa hiyo pengo huzibwa na mtu wa muda. Mhadhiri mmoja amekwenda ng'ambo kusomea udaktari, mwingine ameugua, mwingine yuko katika likizo ya uzazi, mwingine amechaguliwa kuwa askofu na hawezi tena kusahihisha mitihani. Chuo kinamtafuta mtu wa kukaimu kwa muhula mmoja, au mwaka mmoja, au miwili.

Jambo hili si geni katika dini yenyewe. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasimulia kwamba Mtume Paulo alifundisha kila siku katika darasa la mtu aitwaye Tirano, huko Efeso, kwa muda wa miaka miwili, kisha akaondoka. Kinasimulia pia habari za mume na mke, Akila na Prisila, mafundi wa kushona mahema, waliomchukua nyumbani kwao mhubiri hodari aliyeitwa Apolo wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Apolo alikuwa na ufasaha. Alichokikosa alikipata katika nyumba ya watu wawili wenye kazi nyingine ya mikono.

Vyuo vya Afrika Mashariki navyo vilijengwa kwa walimu waliokuja na kuondoka. Chuo cha Mtakatifu Paulo, ambacho leo ni chuo kikuu huko Limuru, Kenya, kilianzia Frere Town, Mombasa, mwaka 1903, kikahamia Limuru mwaka 1930. Makumira, karibu na Arusha, ilianzia Lwandai katika milima ya Usambara mwaka 1947, ikahamia mahali ilipo mwaka 1954. Nchini Rwanda, makanisa ya Kiprotestanti yalianzisha shule ya theolojia huko Butare mwaka 1970, nayo leo imekuwa Chuo Kikuu cha Kiprotestanti cha Rwanda. Waadventista walifungua chuo kikuu chao huko Mudende, upande wa Gisenyi, mwaka 1984. Masomo yakakatika mwaka 1994, na baadaye chuo kikahamishiwa Gishushu, Kigali, si mbali na Bunge la Kimihurura. Waanglikana walianzisha chuo chao cha theolojia katika Kigali, ambacho kimepanuliwa kikaitwa East African Christian College. Vyuo vimehama, majina yamebadilika, walimu wamepita. Kilichobaki ni wanafunzi waliotoka humo.

MAKABIDHIANO YA LINDO

Askari anajua tofauti iliyopo baina ya mlinzi na lindo. Mlinzi hukaa saa zake akapumzika, lindo halipumziki. Anayeingia zamu hupewa idadi ya silaha, habari za usiku, na jina la kila mtu aliyeruhusiwa kupita. Akipewa funguo peke yake bila habari, lindo limekwisha kuwa na tundu, hata kama yeye ni askari hodari.

Mambo ni hayo hayo katika nafasi ya muda ya ualimu wa theolojia. Mtu anafika mwezi Septemba, anapewa ratiba na ufunguo wa ofisi. Lakini je, amepewa tasnifu zilizofikia nusu, na jina la mwanafunzi aliyeziandika? Ameelezwa ni nani kati ya wanafunzi amefiwa, ni nani hulala kanisani kwa kukosa nauli ya kurudi nyumbani, ni nani alishindwa mtihani wa Kigiriki si kwa uvivu bali kwa macho kuwa mabovu? Na siku ya kuondoka kwake, maksi zake ataziacha kwa nani?

Madhara ya makabidhiano mabaya hayaonekani siku ile ile. Mwanafunzi anabadilishiwa msimamizi mara tatu katika tasnifu moja. Wa kwanza alimwambia aandike juu ya ndoa, wa pili akamwambia abadili mada, wa tatu hajui lolote. Mwaka unapotea, na ada ya mwaka huo imetoka katika sadaka za wajane.

Liko pia tatizo la lugha. Tangu mwaka 2008 Rwanda imekuwa ikielekea Kiingereza katika kufundishia, na Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017. Hivyo mhadhiri anayetoka Kenya, Uganda au Tanzania anaweza kuingia darasani akaeleweka. Lakini mahubiri ya kijijini ni ya Kinyarwanda. Katika somo la kuhubiri mwanafunzi hupelekwa usharikani, akasimama mimbarani, na mwalimu akampa maksi. Mwalimu asiyejua Kinyarwanda atampa maksi kwa kuangalia nini? Mikono? Sauti? Vyuo vyenye busara humketisha mwalimu mgeni pamoja na mchungaji mzee wa hapo: mmoja apime ufafanuzi wa Maandiko, mwingine apime kama neno limewafikia wasikilizaji. Njia hiyo haina gharama kubwa, nayo humfundisha mgeni haraka kuliko kitabu.

SOMO AMBALO HALIFUNDISHWI KWA HARAKA

Kuna sababu nyingine, nzito kuliko zote, inayofanya kazi hii isichukuliwe kuwa kibarua. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walikimbilia makanisani wakitumaini kupona, na wengi waliuawa humo humo. Ntarama na Nyamata leo ni mahali pa kumbukumbu. Huko Nyange jengo la kanisa liliangushwa kwa matingatinga juu ya watu wapatao 1,500, na padre wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha. Mwaka 2008 rufani ilimpa kifungo cha maisha. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, aliyekuwa kiongozi wa Waadventista huko Mugonero, alihukumiwa na mahakama hiyo hiyo mwaka 2003 kifungo cha miaka kumi. Hawa hawakuwa watu wa mitaani. Walikuwa viongozi, wamevaa mavazi ya kazi yao, wakijua Maandiko.

Katika siku zile zile, huko Gisenyi, Félicité Niyitegeka, mhudumu wa Kanisa Katoliki aliyeongoza nyumba ya Saint Pierre, aliwaficha waliokuwa wakiwindwa na kuwasaidia kuvuka kwenda Goma. Ndugu yake, ofisa wa jeshi, alitaka kumwokoa aondoke peke yake. Alikataa kuwaacha watu aliokuwa nao. Aliuawa pamoja nao tarehe 21 Aprili, 1994, na Rwanda imemweka katika daraja la mashujaa liitwalo Imena.

Ndugu msomaji, tukio hili linatulazimisha tuseme ukweli juu ya shahada. Shahada peke yake haikuwazuia waliokosa. Na hakuna aliyemwuliza Félicité cheti chake. Je, basi elimu haina maana? Sivyo. Maana yake ni kwamba elimu ya mchungaji isiishie katika kukariri tarehe za mitaguso na minyambuliko ya Kigiriki. Lazima mwanafunzi aulizwe, na aulizwe na mtu anayemjua: siku wakubwa wako watakapokuagiza kutenda uovu, utajibu nini? Swali hilo halijibiwi katika karatasi ya mtihani ya saa tatu. Linahitaji mwalimu aliyekaa na wanafunzi wake vya kutosha hata wakamwamini.

Na kazi inayowangoja wanafunzi hao haijapungua. Mahakama za gacaca zilifungwa mwezi Juni, 2012, baada ya kusikiliza karibu kesi milioni 2. Waliomaliza vifungo wanarudi vijijini, na kanisani huketi benchi moja na waliofiwa kwa mikono yao. Kila mwaka, wiki ya maombolezo inapoanza tarehe 7 Aprili, wako wanaoshikwa na mshituko wa kumbukumbu ambao Wanyarwanda huuita ihahamuka. Mara nyingi mtu wa kwanza kuitwa ni mchungaji. Akijua la kufanya, atamtuliza mgonjwa na kumpeleka kwa mganga. Asipojua, atamkemea kama mwenye pepo, na kidonda kitazidi. Mhadhiri wa muda aliyetoka nje ya nchi anapaswa kuyafahamu haya kabla ya kufungua kinywa darasani. Mzaha ambao kwao ni wa kawaida, hapa unaweza kumwumiza mtu aliyeketi safu ya mbele.

NYUMBANI KWA MWALIMU NA NYUMBANI KWA MWANAFUNZI

Kurasa hizi ni za nyumba, na nafasi ya muda ni jambo la nyumba kabla ya kuwa jambo la chuo. Jamaa za askari na polisi wanajua maana ya uhamisho: mke anabaki na watoto, au wote wanafunga virago katikati ya mwaka wa shule. Mhadhiri wa muda yuko katika hali hiyo hiyo, ila yeye hana kambi ya kumpokea.

Kabla ya kutia sahihi, mume na mke waketi pamoja wakaulizane haya. Kwanza, je, mkataba umeandikwa? Chini ya sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018, mkataba wa mdomo haupaswi kuzidi siku 90 mfululizo. Anayefundisha mwaka mzima kwa ahadi ya mdomo anajiweka hatarini mwenyewe. Pili, je, malipo ni ya mwezi au ya saa za darasa? Kama ni ya saa, ni nani anayelipia saa za kusahihisha, ambazo mara nyingi huzidi zile za kufundisha? Na miezi ya likizo, nyumba itakula nini? Tatu, je, mwajiri anakata na kuchangia akiba ya uzeeni na bima ya matibabu, na bima hiyo inawahusu watoto? Nne, kwa anayetoka nchi jirani: Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza tarehe 1 Julai, 2010, limefungua mlango kwa wafanyakazi, lakini kibali cha kazi bado huombwa. Ni nani atakayekishughulikia, yeye au chuo? Tano, mkataba ukiisha, je, kuna ahadi yoyote ya kudumu, au ni matumaini tu? Matumaini si mabaya, ila yasiandikwe katika bajeti ya nyumba.

Upande wa mwanafunzi, mzigo ni mkubwa zaidi. Fikiri mchungaji mwenye miaka 48, mwenye watoto watano. Ada inatakiwa mwezi ule ule ambao mtoto wa kwanza anaingia sekondari. Mkewe ndiye anayebaki kutembelea wagonjwa, kuongoza maombi ya jioni, na kupokea wageni wa msiba. Kwa kweli shahada hiyo inasomwa na watu wawili, ingawa jina litakaloandikwa ni moja. Inafaa kanisa litambue hivyo, na likiweza, mke naye apewe nafasi ya kusoma. Tusisahau kuwa katika nyumba ya Akila, Prisila naye alifundisha.

Kwa ajili ya watu kama hao, wengi hunufaika na masomo ya vipindi: mwanafunzi huja chuoni wiki moja au mbili, kisha akarudi kazini kwake na vitabu. Mfumo wa kumfuata mchungaji alipo badala ya kumng'oa kwake ulianza huko Guatemala mwaka 1963, ukaenea duniani, Afrika Mashariki ikiwamo. Mfumo huu unamfaa pia mhadhiri wa muda, kwa sharti moja: mwalimu aliyeanza na kundi aendelee nalo hadi mwisho wa somo, wala asiwaachie njiani.

KILA MTU NA SEHEMU YAKE

Nafasi za muda zitaendelea kuwapo, na hakuna aibu ndani yake. Aibu ni kuzifanya kuwa kawaida ya kudumu kwa sababu mtu wa muda ni rahisi. Chuo kina wajibu wa kuandika mkataba ulio wazi, kumpa mgeni mwenyeji wa kumwongoza, na kufanya makabidhiano kwa maandishi anapoingia na anapotoka. Kanisa lina wajibu wa kuwasomesha vijana wake, wanaume kwa wanawake, ili baada ya miaka kumi pengo lizibwe na mtu wa nyumbani. Mhadhiri mwenyewe ana wajibu wa kufundisha muhula mmoja kama mtu atakayekaa miaka 30, maana wanafunzi wake ndio watakaokaa miaka hiyo.

Nasi waumini tuna sehemu yetu. Mchungaji wetu akirudi kutoka chuoni, tusimwulize tu kama amefaulu. Tumwulize amejifunza nini kitakachomsaidia mjane wa jirani, kijana aliyerudi kutoka kifungoni, na askari aliyerejea kutoka kazi ya hatari asiyeweza kulala usiku. Akiwa na jibu, basi mwalimu yule wa muda, ambaye jina lake pengine hatutalijua kamwe, alifanya kazi yake vizuri.